Kuanzia Ukurasa wa Kwanza

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya kalenda ya jikoni, penseli sikioni, akiangalia mara kalenda, mara kompyuta iliyokuwa juu ya friji.

"Jana tulikuwa laki tatu na ushee," alisema. "Leo laki nane. Imeota mabawa?"

Nikajifanya nakoroga chai ambayo nilikwisha kuikoroga.

Ni miaka saba sasa, na bado nikikumbuka asubuhi ile masikio huniwaka moto. Mama alikuwa amestaafu kusoma prufu, yaani kusaka makosa ya kurasa kabla hazijachapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji, ila kazi yenyewe ilikataa kumstaafisha. Alisoma mpaka maandishi ya pakiti za chumvi. Chenji niliyotoka nayo dukani aliihesabu upya mbele yangu, bila ubaya wowote, na mchele niliouchambua aliuchambua tena. Miaka miwili ndani ya nyumba yake, sikuwa nimefanya jambo ambalo hakulirudia. Iliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mume wangu.

Ndiyo maana nilifurahi siku aliponiuliza, mimi fundi kompyuta, kuhusu sarafu za kidijitali alizozisikia redioni. Nilimweleza kwamba hazina benki; daftari la miamala yake limo kwenye kompyuta za watu wa kawaida, maelfu kwa maelfu. Programu yake ni ya bure na msimbo wake uko wazi, anayetaka ausome. Ukiiweka, inapakua daftari zima tangu siku ya kwanza na kukagua kila ukurasa, ambao wenyewe huuita bloku, kabla ya kuukubali.

"Haimwamini mtu?"

"Hata mmoja, Mama."

"Niwekee."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. "Mama, wewe huna hata sarafu moja humo!"

"Na vitabu nilivyosoma miaka thelathini, kipi kilikuwa changu?"

Nikaifufua kompyuta yangu ya zamani, nikainunulia diski kubwa, tukaipandisha juu ya friji. Kila asubuhi Mama alinakili kwenye kalenda idadi ya bloku zilizokaguliwa. Mwanzoni zilikwenda mbio, kisha zikaanza kujikokota. Naye alikuwa na miadi ya kupasuliwa mtoto wa jicho. "Natamani tufike mwisho kabla hawajanigusa jicho," aliniambia siku moja, na nikamhurumia sana.

Nikafanya ujanja. Mwenzangu kazini alikuwa na daftari zima, limekwisha kukaguliwa kwenye mashine yake. Nikalinakili, nikalipachika kwenye yetu Mama akiwa sokoni. Nilitaka tu afurahi.

Sasa, mbele ya kalenda, Mama alikuwa ananitazama, na chai inapoa. Nikamwambia yote.

Hakufoka. Alivuta kiti, akanisimulia kwamba aliwahi kutia sahihi kurasa zilizosomwa na mwenzake bila kuzisoma mwenyewe, maana alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Kilikuwa kitabu cha vipimo vya dawa, na nukta moja ilikaa pabaya. Bahati muuguzi mmoja aliishtukia kabla mgonjwa hajadhurika.

"Aliyekagua ni mwenzako," alisema. "Sisi tumekagua nini?"

"Hakuna, Mama."

"Basi futa. Tuanze upya."

Nilifuta. Ile sifuri ya kuanzia aliiandika yeye, kubwa kuliko namba zote za mwezi ule.

Jicho lilipasuliwa kabla hatujafika nusu, na daktari akamkataza kusoma chochote kwa siku kumi. Aliporudi nyumbani alinikabidhi penseli.

"Uwe unaandika wewe."

"Mama, nimsimamie?" mume wangu akamchokoza. "Huyu ana historia!"

"Wewe kaa hukohuko."

Siku kumi niliandika kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi nje, kila tarakimu naiangalia mara tatu. Siku ya kumi na moja Mama alivaa miwani mipya, akaenda moja kwa moja kwenye kalenda. Programu ile huweka kumbukumbu ya kila ilichokagua. Kulinganisha kungemchukua dakika tano. Nilisimama na ungo wangu wa mchele niliokwisha kuuchambua, nikisubiri kile kidole chake kianze kushuka, mstari kwa mstari.

Alisoma kwenye skrini namba ya siku ile, akaiandika chini ya zangu, akarudisha penseli sikioni. Kisha akanipokea ungo, akamimina mchele sufuriani.