Shabu ya Wifi

Mshonaji alitoka kliniki amefura, mtoto mgongoni, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa kwa mkato. Na angemjibu nani vizuri siku hiyo? Muda wote huu alikuwa anashona sare za shule amekalia tako moja kwa sababu kule chini kunawaka moto, kumbe moto wenyewe amejitia kwa mkono wake!

Shabu, jamani. Ile nyeupe, ya kusaga, ya kujibana huko chini, aliyoletewa na wifi yake mkubwa imefungwa kwenye kitambaa. "Ukishazaa unalegea, wifi yangu. Weka hii, mumeo atatulia." Akaiweka, maskini, maana Spana, mumewe, fundi wa magari, alikuwa ameshaanza kununa. Tangu mtoto azaliwe, kila wakikutana mshonaji anaumia mpaka anauma shuka. Amekauka kabisa. Spana akajiaminisha kwamba hapendwi tena, au kuna mtu. Badala ya kumuuliza mkewe akakimbilia kwa dada yake. Juzi akamwambia mkewe bila haya, "Mwezi huu ukiisha hujabadilika, nakurudisha kwenu ukapumzike." Ukapumzike! Na kitoto bado kinanyonya!

Nesi alipomchunguza alitikisa kichwa. "Mama, nani kakwambia umelegea? Mshono wa kujifungua umepona vizuri. Unanyonyesha, na wanaonyonyesha wengi wanakauka. Siyo ugonjwa na siyo kosa lako. Ila shabu imekukausha zaidi, tena imekuchubua."

Akamwambia aitupe, wasikutane kwanza mpaka michubuko ipone, kisha watumie kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa na waende taratibu. Ikiendelea kuuma arudi, maana haitakiwi kuuma, na daktari ataangalia kama anahitaji krimu ya homoni. "Na mtoto usimwachishe. Halafu njoo na mumeo."

"Mume wangu?" Mshonaji alicheka bila furaha yoyote. "Huyo mpaka atumwe na dada yake."

Nyumbani akawakuta wote wawili sebuleni wanakunywa chai, wametulia utadhani hakuna mtu anayeteseka humu ndani.

"Haya, wifi, na jua lote hili unatoka wapi?"

"Kliniki. Nimekwenda kuonyesha vidonda ulivyoniletea."

Wifi akaweka kikombe chini. "Vidonda? Mimi?"

"Shabu yako imenichubua! Nimekauka kwa sababu nanyonyesha, wewe ukaja ukanikausha tena!"

"Mama mtoto, heshima," Spana alinguruma.

"Heshima?" Hapo ndipo alipolipuka. "Aliyekosa heshima ni nani? Mambo ya chumbani kwangu umeyapeleka kwa dada yako kabla ya kuniuliza mimi ninayelala ubavuni kwako! Umewahi kusema hata siku moja, 'Mke wangu, unaumia?' Gari la mteja likilia kidogo tu unaacha kila kitu, unaingia chini yake kusikiliza. Mimi nimelia, ukageukia ukutani. Asubuhi unaniambia nirudi kwetu!"

Spana akajifanya anakoroga chai.

"Sasa nisikilizeni. Shabu naitupa chooni leo hii. Hutanigusa mpaka nipone. Nikishapona tutatumia dawa aliyosema nesi, taratibu, na nikisema inauma unaacha. Nesi kasema haitakiwi kuuma."

Akamgeukia wifi yake, tayari kwa vita. Wifi yule ana mdomo, mtaa mzima unamjua, na mshonaji alikuwa na mengine mengi ya kumpasha. Lakini wifi alikuwa anatazama chai yake.

"Kwani," alisema taratibu, "haitakiwi kuuma?"

"Nini?"

"Mimi natumia tangu nilipojifungua wa kwanza. Na huyo wa kwanza sasa ana mtoto wake." Alikizungusha kikombe. "Inauma kila siku. Mama ndiye aliyenipa, akaniambia nivumilie. Nikajua ndoa ndivyo ilivyo kwa kila mtu."

Hasira ya mshonaji haikupungua hata kidogo, ila ghafla haikumtaka wifi tena. Alimwona mtu mzima anayekaa kwenye ncha ya kiti, kama anavyokaa yeye kwenye cherehani.

Spana alisimama, akapapasa mfukoni kutafuta funguo. "Haya ni mazungumzo ya wanawake. Mimi nawahi gereji."

"Kaa!"

Walisema kwa pamoja, dada na mke. Akakaa.

"Si ulimkimbilia dada yako?" mshonaji alisema. "Haya, msikilize. Akimaliza, utuambie nani anarudishwa kwao."