Ree ya Upanga Getini

Naapa kwa miguu yangu miwili, ambayo ndiyo mali iliyonibakia baada ya kiwanda kuchukua mengine yote, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nikibambwa nimetia chumvi hata punje, nitailisha meza nzima kwa gharama yangu. Kiapo hicho nimekiapa klabuni kila Jumapili tangu nistaafu, na hadi juzi hakuna aliyewahi kunilia hata ganda la mkate.

Siku zile hapa Berisso, Argentina, kazi haikutafutwa, ilingojwa kwa miguu. Alfajiri unakwenda kwenye geti la kiwanda cha nyama, unasimama na vibarua wenzako, unasubiri Don Galíndez atoke. Galíndez alikuwa msimamizi, mtu mfupi mwenye koti refu, na kila asubuhi alipanda juu ya kreti na kututazama kwa utulivu kama mama anayechagua nyanya. Mvua ikinyesha tukawa wachache, saa moja ya kazi ilipanda bei. Tukiwa wengi, ilishuka. Nyama ilikuwa ileile, visu vilevile, baridi ileile ya kung'oa kucha, ila sisi ndio tuliopunguzwa au kuongezwa thamani kwa hesabu ya vichwa. Kuna asubuhi tulibanana hivi kwamba niliinua mguu nijikune, na nilipotaka kuurudisha chini nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Niliajiriwa siku hiyo nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Mwaka ninaousema, mavuno ya kaskazini yalikuwa yamekufa na watu wakamiminika kwetu kutafuta kibarua. Malipo yalikuwa senti arobaini kwa saa. Jumatatu tukasikia yatashuka yawe thelathini. Kwa senti thelathini mtu alikuwa anachagua: kodi ya chumba au chakula, kimojawapo. Tukakubaliana kwa kinyozi kwamba kesho yake hakuna atakayevuka geti chini ya arobaini, hata mmoja.

Kukubaliana kwa kinyozi ni rahisi, kuna joto na kioo. Getini kulikuwa na askari wawili juu ya farasi, na masikio ya kampuni kila upande. Ukifungua mdomo kuwahimiza wenzako, jina lako linaandikwa na hutaitwa tena. Kwa hiyo tulizungumza kwa nyuso. Hapa kwetu kila mtu anacheza truco, mchezo wa karata, na truco haichezwi kwa karata peke yake. Wawili wanashirikiana, na mmoja humwambia mwenzake alichonacho kwa ishara ambayo adui asiione. Ukifumba macho, maana yake huna kitu. Ukiinua nyusi zote mbili, maana yake umeshika Ree ya Upanga, karata inayozipiga zote. Watoto wa Berisso hujua ishara hizo kabla ya kujua kutembea. Wangu wa pili alizaliwa amefumba jicho moja, na mkunga akakataa kucheza naye.

Asubuhi hiyo nilisimama karibu na kapu la Doña Stefka, Mbulgaria aliyewauzia vibarua empanada, aina ya sambusa, zikiwa za moto, kwa sababu pale ukutani palikuwa na nafuu ya upepo. Bandarini meli ilikuwa inangoja nyama. Uani ng'ombe walikuwa wanalia. Galíndez akapanda kreti, akasema leo ni thelathini, anayetaka aingie.

Hakuna aliyesogea.

Akatabasamu. Akasema hana haraka, kwa sababu saa nne inaingia treni yenye watu mia mbili kutoka Santiago, kule kaskazini, watu ambao hawajala tangu juzi. Wanaoingia sasa watalipwa thelathini. Treni ikifika itakuwa ishirini na tano, na wengi wetu hatutaitwa kabisa.

Nilisikia pumzi za watu zikibadilika. Mtu mbele yangu alianza kuhamisha uzito mguu huu hadi ule, kama anayetaka haja. Kama treni ile ilikuwa kweli, tulikuwa tumekwisha. Kama ilikuwa uongo, ilitosha kukaa kimya.

Galíndez hakuwa mjinga. Hakutuita wote, aliita mmoja. Alimwita Evaristo Ledesma.

Evaristo mwenyewe alitoka Santiago, na hakukuwa na mkono mwepesi zaidi ya wake kwenye kutenganisha nyama na mfupa. Watu wa kwao walimtazama yeye kabla ya kufanya lolote. Akiingia, wanaingia. Wakiingia wao, tunaingia sote, tena kwa kukimbia. Alikuwa na watoto watatu katika chumba kimoja cha bati kando ya mfereji, na wa mwisho alikuwa anakohoa tangu Aprili.

Galíndez akatia mkono mfukoni akatoa chapa ya shaba yenye namba. Hakuna asiyeijua. Mwenye chapa ni mfanyakazi wa kudumu. Hasimami getini, hahesabiwi kama nyanya, anapita mlango wa pembeni mvua isimguse.

"Ledesma," alisema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi wote tunyamaze ili tuisikie. "Hii ni yako maisha yako yote. Sitaki hotuba, sitaki shukrani. Tembea tu."

Ile chapa ilikuwa inang'aa. Evaristo aliitazama muda mrefu. Kisha akageuza kichwa taratibu, akanitafuta mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mshirika wake wa truco. Akanipata. Akafumba macho: sina kitu. Akafumbua, akaningoja.

Sababu ya kuningoja ni kwamba shemeji yangu Telmo alikuwa mfanyakazi wa stesheni, yule anayebadilisha njia za reli. Treni yoyote ya Berisso ilipita mikononi mwake. Kama kuna mtu pale getini angeweza kujua, ni mimi.

Na mimi nilijua. Telmo alikuwa ameniambia kila kitu jana yake. Nikamtazama Evaristo machoni, mbele ya askari na farasi wao, nikainua nyusi zote mbili hadi zikagusa kofia.

Evaristo akatia mikono mfukoni.

"Nitaingoja treni, Don Galíndez," alisema.

"Treni ikifika hakuna chapa."

"Basi tuione kwanza."

Sijawahi kuona saa zinazotembea kwa magoti kama zile. Hakuna aliyekaa chini, kwa sababu anayekaa ameshachoka, na aliyechoka ataingia. Mzee mmoja alizimia akiwa wima, na wenzake wakamshikilia kwa mabega ili Galíndez asione pengo. Meli ikapiga honi. Galíndez akatazama saa yake, akaifuta, akaitazama tena.

Ndipo tukasikia filimbi ya treni.

Ilikuwa kweli. Moshi ulionekana nyuma ya mapaa. Galíndez akaweka chapa mfukoni polepole, ili Evaristo aone vizuri inakokwenda. Evaristo hakunitazama tena, uso wake ulikuwa kama udongo. Breki zikalia, milango ya mabehewa ikafunguliwa kwa kishindo.

Walioshuka walikuwa na pembe.

Treni nzima, behewa kwa behewa, ilikuwa ng'ombe. Hakushuka mtu hata mmoja, ila mchungaji aliyeuliza choo kiko wapi. Sasa hesabu ikageuka: ng'ombe wameongezeka, mikono ni ileile, na meli haingoji. Galíndez alisimama juu ya kreti kama mtu aliyesahau alichopandia. Akasema arobaini. Sauti kutoka nyuma, hadi leo haijulikani ya nani, ikasema arobaini na tano. Honi ya meli ikapigwa mara ya pili, na tukaingia kwa arobaini na tano.

Hapo ndipo huwa naishia, watu hunipigia makofi, na mtu huninunulia kinywaji. Lakini Jumapili iliyopita mezani alikuwapo Evaristo, ambaye magoti humzuia kutoka siku nyingi, na Doña Stefka, ambaye sasa empanada zake huziuza humu klabuni. Doña Stefka alingoja makofi yaishe.

"Telmo gani alikuambia?" aliuliza. "Wiki ile Telmo alikuwa kitandani na matumbwitumbwi, shingo kama boga. Hakuweza kusema hata maji. Mimi ndiye niliyempelekea supu."

Nilisema labda aliniandikia.

"Telmo hajui kuandika. Na zile nyusi, nikuambie? Ulichukua empanada kapuni mwangu bila kuuliza, ukang'ata nusu nzima. Ilikuwa imetoka kwenye mafuta. Nyusi zikaruka, machozi yakakutoka, ukashindwa kuitema kwa sababu askari walikuwa wanatazama."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamtazama Evaristo. Baada ya siku ile alisimama getini majira sita mengine ya baridi, maana Galíndez hakumsamehe, na chapa ile hakuiona tena. Mkewe alimuuliza zaidi ya mara moja kwa nini hakutembea, na jibu lake lilikuwa moja: mshirika wangu alikuwa na Ree.

Evaristo aliuzungusha mkate wake mezani.

"Hiyo empanada ilikuwa ya nini?" aliuliza mwishowe.

"Ya nyama," alisema Doña Stefka. "Na hajailipa."

Evaristo akanigeukia. Akafumba macho, taratibu, kama alivyofanya asubuhi ile. Akafumbua, akaningoja. Safari hii hakukuwa na pa kujificha. Nikafumba na mimi.

Akapiga meza kwa kiganja, akasema arobaini na tano ilikuwa arobaini na tano, hata kama ililetwa na ulimi ulioungua, na kwamba yeye ataanza na empanada mbili. Nikatoa pochi. Nikalipia meza nzima, kisha ile moja ya zamani, ambayo Doña Stefka aliitoza kwa bei ya leo. Ya kwangu niliipuliza kwanza.