Kanda ya Hussein

Mwalimu Philbert alikuta mlango wa karakana ya Hussein umefungwa saa za kazi, akajua hapo hapo kuna jambo. Hussein fundi redio hakuwa mtu wa kufunga. Hata akiwa na homa alikaa pale na bisibisi yake, akiwagombeza wateja.

Muuza vitambaa wa jirani ndiye aliyemwambia. "Kumbe hukupata habari, Mwalimu? Tulimzika Ijumaa. Alianguka alfajiri, alasiri tukawa tumesharudi kutoka makaburini."

Ijumaa Philbert alikuwa Kimwani, shambani, akivuna kahawa. Simu ilikuwa imeisha chaji na wala hakujali, maana nani angempigia? Watoto wako Mwanza na maisha yao, mke alishatangulia. Mtu wa kumpigia alikuwa Hussein, na kwa neno moja tu: Jumapili unakuja?

Kila Jumapili walijifungia mle karakana kusikiliza muziki wa zamani wa Ulaya, wa akina Bach na wenzake, kwenye kanda ambazo mteja mmoja aliziacha pamoja na redio yake asirudi tena. Usicheke. Wengine wana Simba na Yanga. Hawa wawili walikuwa na wapigaji wao wa selo, ile fidla kubwa inayobanwa katikati ya magoti, na wapigaji hao, mmoja kijana na mmoja mzee, walipiga kipande kile kile, cha taratibu, bila mtu wa kuwasindikiza. Philbert alimpenda yule kijana, kila noti mahali pake. Alikuwa amefundisha nyimbo shuleni maisha yake yote, na makosa yalimkera. Hussein alimtaka mzee. Mzee alikuwa mzito, anakwaruza, na ukitega sikio unamsikia akivuta pumzi kabla ya kushuka kwenye zile sauti za chini.

"Msikie!" Hussein alikuwa akisema, kidole juu. "Huyu yupo. Wako ni mashine."

Waligombana mpaka chai ikapoa, wakaagana wamenuna, na wiki iliyofuata wakaanza upya. Habari nyingine hawakuwa nazo.

Philbert akaenda nyumbani kwa marehemu. Mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Burhani, mtoto mkubwa wa Hussein, alimpokea mlangoni kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee. Uliacha redio kwa baba?"

Philbert alitaka kusema mengi. Akasema, "Kanda. Niliacha kanda."

Burhani akamfungulia karakana. Kanda ya yule mzee bado ilikuwa ndani ya redio, imesimama katikati. Philbert akaichukua kama mwizi. "Ahsante, mwanangu," akasema, na Burhani akafunga mlango, akawahi shughuli zake. Ubaya wa kijana haupo. Hakumjua, basi.

Alipofika kwake Ijuganyondo, Philbert aliweka redio dirishani, akafungulia sauti hadi mwisho, akaketi kwenye kiti kinachotazama kibanja chake cha migomba. Machozi hayakuja. Alimngoja mzee avute pumzi, na mzee alipovuta, Philbert akainua kidole juu, peke yake, akajiona mjinga.

Sasa, huku kwetu muziki wa namna ile watu wanausikia redioni siku kiongozi wa nchi amefariki na vipindi vyote vimesimamishwa. Ukitoka kwenye nyumba ya mgane anayeishi peke yake, kwa sauti ile, jirani afikirie nini? Jua halijatua, Agnetha akaingia uani na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake wanawake wengine na mikeka, kisha Lwakatare, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, akiwa na gogo la kuni begani.

"Waitu Mwalimu," Agnetha akasema, kwa lile neno la Kihaya la heshima, akishusha mkungu. "Pole. Umefiwa na nani?"

Hapo ndipo Philbert alipoona ugumu wake. Akisema rafiki, watampa pole, na pole yao itakuwa ya kweli, kisha kila mtu atarudi kwake na kuni zake. Kikundi kinakaa matanga ya ndugu. Rafiki ni wa kwenda kumzika, na huyu ameshazikwa. Aliitazama mikeka. Alitaka watu wakae naye, walau jioni hii, kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu mkewe aondoke.

"Kaka yangu," akasema.

Ijuganyondo nzima inajua Philbert alizaliwa peke yake. Lakini kaka hakosekani, wa baba mkubwa, wa mama mdogo, na mfiwa haulizwi maswali ya ukoo. Lwakatare akatua gogo. Moto ukawashwa, mikeka ikatandikwa, ndizi zikaanza kumenywa. Mtu akapunguza redio kwa adabu, na Philbert akahisi kifua kinamlegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Walikuwa wamekaa. Wamekaa kwa ajili ya Hussein, hata kama hawamjui.

Agnetha akatoa rozari. "Tumwombee marehemu. Jina lake, Mwalimu?"

Angeweza kusema Petro, au Yohana. Lakini angekuwa amemzika mtu mwingine, na Hussein angebaki bila hata jioni hii moja.

"Hussein," akasema.

Visu vikasimama kwenye ndizi. Lwakatare akakohoa, akatazama moto. Agnetha akaiweka rozari yake vizuri kwenye vidole.

"Mungu ni huyo huyo," akasema. "Ila akina Hussein ni wengi mjini. Tumtaje na baba yake. Hussein wa nani?"

Philbert akafungua mdomo. Alijua Hussein hakutia sukari kwenye chai, na kwamba alifumba macho kabla ya zile sauti za chini. Jumapili zote zile, na hakuwahi kumuuliza jina la baba yake.

Ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto, na wanawake wakainuka wakamlilia kaka yake pamoja naye. Agnetha akamshika mabega.

"Taratibu, waitu," akamwambia. "Ni majonzi tu yamekuchanganya. Tutangoja, jina utalikumbuka."