Umenisemea

Kwenye benchi la Zakia, nyuma ya soko la samaki la Kismayo, siasa iliruhusiwa kila siku baada ya swala ya alasiri, na matusi hayakuruhusiwa hata siku ya Idi. Zakia aliuza kahawa ya tangawizi na mahamri, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Mtu akimvunjia mwenzake heshima kwa ajili ya siasa, hanywi tena mpaka amsemee. Yaani asimame, ashike dele la kahawa, aeleze hoja ya yule aliyemtukana kana kwamba ni yake, mpaka mwenyewe akubali na kusema, "Umenisemea." Akishindwa mara tatu, akatafute kahawa kwingine mpaka uchaguzi upite. Na kwingine, jamani, kahawa ni maji ya kuoshea vikombe.

Sheria hiyo iliwanyoosha wanaume wenye sauti kubwa kuliko mashine za boti. Uthman, muuza papa, aliwahi kushika dele karibu nusu saa, jasho likimtiririka, akiwatetea watu aliowaita wezi dakika chache kabla. Zakia alicheka siku ile mpaka mbavu zikamuuma.

Mwaka huu visiwa vya kusini ya mji vilipata nafasi moja kwenye baraza la wilaya, na waliojitokeza walikuwa wawili. Mmoja Wardah, mkunga wa kisiwa cha Kudha. Wa pili Abdirahim, mwalimu, mdogo wake Zakia, aliyekulia Mombasa baada ya familia kukimbia vita na kurudi mwaka juzi tu. Siku ile ya kukimbia alikuwa mchanga, na Zakia ndiye aliyempakata njia nzima. Angekuwa na kura kumi angempa zote kumi, na kila mtu alilijua hilo.

Sasa Jumatano moja Badi, fundi wa mashine za boti, alipuliza kahawa yake akasema taratibu, kwa lafudhi ya visiwani ambako mtu huitwa mchu, "Abdirahim ni mchu mwema. Lakini Kudha anaijua kwenye simu."

Damu ikamchemka Zakia. "Wewe ndiye wa kupima wachu?" akasema. "Mchu aliyekimbiwa na mkewe?"

Badi akatazama ndani ya kikombe chake. Zakia alitamani kuyarudisha maneno yale kinywani ayameze, lakini yalikwisha kufika kila sikio.

Uthman akakohoa. "Zakia, dele unalo tayari," akasema. "Imebaki kusimama."

Angeweza kukataa. Benchi lake, moto wake, mahamri yake. Lakini akikataa yeye, kesho nani atakubali? Sheria ingekufa palepale, na benchi lingekuwa kama mengine ya mji, wa huku hawawaamkii wa kule. Na akikubali, itambidi ampigie debe Wardah mbele za watu, wiki mbili kabla ya kura, dhidi ya mtoto aliyempakata. Akasimama.

"Kwanza, Badi, nimekukosea. Ya nyumbani kwako hayanihusu. Niwie radhi."

"Yamekwisha," akasema Badi. "Nisemee."

"Badi anamtaka Wardah kwa sababu mama zao ni ndugu."

"Sivyo."

"Basi kwa sababu hapendi wachu waliosoma."

"Sivyo. Binti yangu mwenyewe ni mwalimu."

Watu wakaanza kucheka. "Moja imebaki," Uthman akakumbusha, na furaha yake haikufichika.

Miezi mitatu Zakia alikuwa akimmiminia Badi kahawa, akimjibu kabla hajamaliza sentensi, na hakuwahi kumuuliza. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka.

"Badi," akasema, "kwani kwa nini unamtaka?"

Badi akaweka kikombe chini. Akasimulia mwaka ule Kudha ilipohamwa kwa hofu ya mapigano. Mama yake alikuwa hawezi hata kukaa, seuze kupanda boti. Yeye Badi alikuwa amekwama Ras Kamboni, hana njia ya kuvuka. Wardah akakataa kuondoka. Alimpikia bibi yule, akamwogesha, na alipofariki akamkosha na kumsitiri.

Zakia alishika dele kwa mikono miwili. Aliposema, sauti ilikuwa yake, haikuwa ya mchezo.

"Mimi namtaka mchu aliyebaki," akasema. "Kudha ikiugua, yeye haulizi njia. Abdirahim ana elimu, sikatai, na moyo anao. Lakini tangu arudi hajalala Kudha hata siku moja. Atawasemeaje wachu ambao hajala nao?"

"Umenisemea," akasema Badi.

Hapo ndipo Zakia alipomwona Abdirahim. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, viatu vyeusi vinang'aa, bunda la karatasi za kampeni kwapani. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi, ila uso wake ulionyesha kwamba ameyasikia yaliyomhusu.

Kabla Zakia hajasema neno, Badi akamnyang'anya dele. "Nami nimsemee Zakia, bila kulazimishwa," akasema. "Abdirahim amefundisha wana wetu bure mwaka mzima. Angeweza kubaki Mombasa. Amerudi, na kurudi nako si kazi ndogo."

"Umenisemea," akasema Zakia, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

Abdirahim akaketi. "Abaayo," akasema, akimwita dada kama tangu utotoni, "mbona hukuniambia haya nyumbani?"

"Nyumbani hapana aliyenilazimisha kuyasikia."

Mwalimu akafikiri. Kisha akacheka, kicheko kile cha mtu aliyevuliwa mzigo, akamgeukia Badi. "Boti ya Kudha huondoka saa ngapi?"

"Kesho baada ya alfajiri. Ukifika, mtafute Wardah. Atakupa pa kulala, hata akijua umekuja kumshinda."

Benchi zima likaanza kumpa mawaidha kwa pamoja, ale nini, amsalimie nani kwanza, akae upande gani wa boti. Wa Wardah na wa Abdirahim walibishana kwa kila jambo, isipokuwa moja waliloafikiana papo hapo, kwamba viatu vile aviache Kismayo.