Pakauke Kwanza

Alhamisi asubuhi binti yangu alikuja kunisaidia kusogeza meza ya kukatia vitambaa, na chini ya mguu mmoja wa meza akaokota karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi ndiye niliyeiweka pale, miezi miwili nyuma. Meza ilikuwa inacheza, na mimi ni fundi makochi. Meza ikicheza mkasi unakwenda kombo, na mteja hataki kusikia habari za meza. Karatasi ilikuwa nene, ikafaa.

Binti akaikunjua, akasoma kimya, kisha akakaa juu ya rundo la sponji.

"Baba, hii ulipewa na nani?"

Nikamwambia ililetwa na kijana mmoja mwenye faili, mmoja wa wale wa ofisini, nikamfungia mlango, akaipenyeza kwa chini. Hapo ndipo akanisomea kwa sauti, neno moja moja, kama anayemsomea mtoto. Sikupenda.

Karatasi ilitoka kwa watu wa filamu. Filamu yenyewe ni ya mapenzi ya wanafunzi, mapenzi na vichekesho, na ilipigwa kwenye shule ambayo marehemu mke wangu alikuwa mfanya usafi. Wanafunzi walimwita Sajini, na alistahili. Siku ya kupiga picha mkuu wa shule aliwaambia walimu, akawaambia wazazi, akamwambia hata mlinzi wa geti. Mfanya usafi nani amkumbuke? Basi mke wangu akapiga deki korido nzima, akaenda kumwaga maji, na aliporudi akakuta mvulana na msichana wamevaa sare, wamekumbatiana katikati ya sakafu mbichi. Kamera ilikuwa nyuma ya dirisha, hakuiona. Akawatolea uvivu palepale. Wale watoto wa kuigiza wakasahau maneno yao, wakavua viatu, wakakimbia kweli. Watu wa filamu wakacheka hadi wakakaa chini, na kipande kile wakakiacha kama kilivyo.

Sasa karatasi ilisema diski zinatoka, za kuuzwa madukani watu watazame nyumbani, na kila anayeonekana lazima atie saini. Aliyefariki, mumewe amtilie. Saini isipofika kabla ya mwisho wa mwezi, kipande chake kitaondolewa.

Mwezi ulikuwa umekwisha zamani. Diski zilikuwa zinatoka Jumamosi.

Binti hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Alikunja karatasi vilevile mara nne, akauliza tu kwa nini sikumpigia simu. Wiki ya mazishi alikuja mwingine mwenye faili, wa shule, mpole, ananiita mzee wangu, akanionyesha mahali pa kuweka jina. Nikaweka. Baadaye nikaambiwa nimekubali kwamba mke wangu alikuwa mgonjwa tangu nyumbani, kwamba kazi haikuhusika. Mtu ameomba ruhusa ya kwenda hospitali mara tatu, anaambiwa asubiri wageni wa bodi waondoke, sakafu zing'ae. Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo, nasoma kwa kidole, nao wanajua. Ndiyo maana wa pili alipokuja na faili nikaona ni walewale. Nani angeona tofauti? Shati jeupe ni shati jeupe.

Na filamu yenyewe sikuwa nimeiona. Ilipoonyeshwa ukumbini walimletea mke wangu kadi ya mtu mmoja. Mtu mmoja! Nikasema kama mume hana kiti, mimi siendi, hata binti alipojitolea kuninunulia tiketi. Wakaenda wao wawili. Alirudi amejawa furaha, akanihadithia jikoni na fagio mkononi, na mimi nikajifanya nasikiliza redio. Nikamwambia nitaiona ikitoka kwenye diski. Miezi minne baadaye alikuwa kaburini.

Picha zake ninazo. Sauti yake sina, hata kwenye simu. Ilikuwa imebaki kwenye korido ile tu.

Siku mbili zile sikufanya kazi ya maana. Nilipiga pini kochi la fundi cherehani, jirani yangu, nikafunga kitambaa nje ndani, nikafumua. Binti alipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi, ikaita, ikaita. Ijumaa akapokea mtu, akasema yeye ni wa matangazo, mambo ya saini hayajui. Wanavyojipanga hawa, kila mmoja ana mlango mwingine wa kukuelekeza. Nilijipa moyo kwamba labda wamesahau kukata. Wakubwa husahau kila kitu, kwa nini wasisahau na hiki?

Jumamosi saa nne binti akaja na diski ndani ya mfuko. Jaladani mvulana na msichana wamegeuziana migongo, wanacheka. Mashine ya kuchezea alikuwa nayo fundi cherehani, tukamrudishia na kochi lake. Nikakaa juu ya kazi yangu mwenyewe, spring zikanisukuma kiunoni, sikusogea.

Filamu ilianza. Fundi cherehani alicheka mapema mno, kila mahali. Alisema yule mvulana na ndevu zile angekuwa ameshaoa. Mimi nilikuwa natazama sakafu tu. Korido ikaja. Nilijua kabla binti hajanishika mkono, maana ilikuwa inang'aa, na pembeni ilikuwepo ndoo ya buluu yenye mpini uliofungwa waya. Waya ule niliufunga mimi.

Wakakumbatiana. Picha ikaruka kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi. Halafu wanakimbia, viatu mkononi, na nyuma yao hakuna mtu.

Fundi cherehani akageuka. "Sasa hawa wanakimbia nini?"

Binti alikuwa anatazama mikono yake. Nikaona kama nikinyamaza na mimi, basi itakuwa wamekimbia bure, na kila nyumba itakayoweka diski hii watu watauliza hivyohivyo, wasijibiwe.

"Wanamkimbia mke wangu," nikasema. "Aliwaambia, nyinyi wawili, mapenzi gani haya ya kukanyaga sakafu ya watu? Pendaneni nje, hapa pakauke kwanza. Na wewe mwenye ndevu, huoni haya kuvaa kaptula ya shule?"

Kumbe nilikuwa nasikiliza, siku ile ya redio.

Fundi cherehani alicheka, kisha akaacha kucheka. Binti akachukua rimoti, akarudisha nyuma hadi wanapokumbatiana.

"Ndevu zilitangulia, Baba. Alianza na ndevu. Na alikuwa amesimama, mkono kiunoni."

Nikainuka kwenye kochi. Nikaweka mkono kiunoni. Binti akabonyeza, sakafu ikang'aa tena, na mimi nikavuta pumzi, nikiogopa kuchelewa.