Nguo Nyekundu ya Dramu

Mzee Chrispine alirudi nyumbani Sori kutoka kliniki ya macho Homa Bay. Emmaculate, bintiye, alimshika mkono wakavuka mtaro wa mlangoni, akamkalisha kwenye kiti chake cha kamba, akamvua viatu. Mzee akasema taratibu, bila kumlalamikia mtu.

"Nyara, binti yangu, nyuso zimeniacha. Hata wako. Nakuona kama moshi tu. Kilichobaki ni vitu vinavyong'aa. Sufuria likianikwa juani naliona. Ziwa naliona jua likiwa utosini."

"Daktari amesema tutie dawa kila jioni, Baba."

"Amesema dawa itachelewesha. Hakusema itazuia. Nilikuwa pale pale, mama. Mabovu ni macho, si masikio." Akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Dramu yangu ingekuwa bado na nguo yake nyekundu, ningeiona mara moja tena. Moja tu, nitosheke."

Dramu zenyewe zilikuwa tatu, zimelala pembeni chini ya gunia. Kabla Emmaculate hajazaliwa, baba yake alikuwa akizipiga katika bendi ya benga iliyozunguka kutoka Migori mjini mpaka Mfangano. Enzi hizo zilivishwa ganda jekundu lenye chembe za kumetameta ndani yake. Taa ikilipiga, watu wa nyuma walimwona mpiga dramu kabla hawajamwona mwimbaji. Marehemu mama alikuwa akisema yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na ule mwanga. Lakini joto lilikuja likalikunja ganda, panya wakamaliza, na sasa mbao zilikuwa uchi, za kijivu kama mpini wa jembe kuukuu.

Asubuhi Emmaculate alimfunga mtoto wake Liz mgongoni, akashuka ufuoni kwa mjomba wake Wangwe, kaka wa mama, fundi wa kuziba boti za faiba.

"Unataka kuvalisha ngoma?" Wangwe alicheka. "Shemeji yangu alininyang'anya dada kwa kelele za ngoma hiyo hiyo. Leo nimsaidie tena?"

"Macho yanafunga, mjomba. Anaona vitu vya kung'aa peke yake, na hata hivyo sijui ni kwa muda gani."

Wangwe aliacha kucheka. Aliingia kibandani akatoka na kopo la resini, ule utomvu mzito wa kuzibia boti, na kichupa cha hadina, dawa ya kuugandisha. "Sikiliza. Usiionee huruma hadina. Faiba ikilegea, ziwa linaingia ndani."

Chembe alizipata Migori, katika duka la mapambo ya kanisa: nyekundu, laini kama unga. Pale pale alikata nailoni nzito, ile ya uwazi inayofunika meza za mahoteli. Siku iliyofuata alimwacha Liz kwa jirani yake Risper, maana harufu ya resini inapanda kichwani. Aling'oa mlango wa jiko kwenye bawaba, akaulaza chini kwa sababu kitu kingine kilichonyooka hakikuwepo, akatandaza nailoni juu yake. Alipaka resini kwa brashi, akachekecha chembe kwa kichungio cha chai, akapaka tena. Juu yake akatundika chandarua cha mtoto, wadudu wa ziwa wasije wakatua kama wingu na kuganda humo.

"Hee, Mama Liz!" Risper aliita kutoka upande wake. "Umelaza bibi harusi jikoni?"

"Usimwamshe!"

Hadina hakuionea huruma. Aliimimina kama alivyoambiwa, mpaka kopo likapata moto mkononi mwake. Ganda liliganda likawa gumu, zuri hata akaogopa kulishika. Alilibeba kwa mikono miwili, akalizungusha kwenye dramu ya kati. Halikufika hata nusu. Lilipasuka kwa mlio mkali, na mapande yenye ncha yakamwangukia miguuni.

"Nini hicho?" mzee aliuliza kutoka nje.

"Sahani, Baba."

Wangwe alipoletewa kipande, alikipinda kikavunjika vidoleni mwake. Akakitazama sana.

"Kosa ni langu," akasema. "Maisha yangu yote kazi yangu ni kuzuia kitu kisipinde. Sikufikiria kwamba hiki lazima kipinde."

"Na mimi nilikuwa nikiiwazia boti muda wote," Emmaculate akasema. "Sote ni watu wa boti, mjomba."

Wakakubaliana hadina iwe kidogo sana, na ganda livishwe likiwa bado na unyevu, laini kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, kisha lifungwe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka likauke lenyewe juu ya mbao. Ila resini yenye hadina kidogo hutaka jua, na mvua ilikuwa imeshuka Nyatike yote. Lile ganda la pili lilikataa kuganda. Emmaculate aliligusa kila alipopita, na kila mara kidole kilinata.

"Bado?" mzee aliuliza kila asubuhi.

"Karibu, Baba."

Baadaye akaacha kuuliza. Siku moja mvua ilipumzika, jua likachomoza kidogo, na sufuria la chai likawaka juu ya kigoda mbele yake. Emmaculate alimwona akipapasa hewani, mkono ukipita juu ya sufuria, ukirudi, ukipita tena. Alimmiminia chai. Akamshikisha kikombe, akaenda nyuma ya nyumba akasimama huko mpaka Liz alipomlilia.

Ganda lilikubali siku mawingu yalipoondoka, likaacha kunata lakini likabaki laini. Alilivisha, akalibana kwa tyubu, na alipozifungua lilikuwa limeshika sawasawa, halina hata ufa. Akarudisha vyuma vya kuzunguka mdomo wa dramu kwa spana ya Wangwe. Akaitoa dramu nje, uani. Jua liliipiga, na Risper, aliyekuwa akianua muhogo, akasahau alichokuwa akifanya.

Emmaculate aliiweka kwenye kigoda upande wa kulia wa baba yake.

"Baba, tazama."

Mzee aligeuza uso wake kushoto, kuelekea ukuta mtupu wa jiko. Akatabasamu.

"Eee. Hiyo ndiyo yenyewe. Nyekundu kabisa."

Risper alifumbua mdomo. Emmaculate akamtikisia kichwa. Alivua ndara zake, akainyanyua dramu kifuani, akazunguka nyuma ya kiti kwa ncha za vidole, akaiweka chini mbele ya ukuta, pale pale macho ya baba yake yalipokuwa yakitazama.

"Inawaka, Baba."

Machozi yalikuwa yakimshuka mzee, naye hakuyafuta.

"Nyara," akasema mwishowe, "umeihamisha."

"Baba, mimi nili..."

"Nimesikia pumzi yako ikizunguka. Kitu hicho kizito, na wewe unanyonyesha." Alinyoosha mkono, na Emmaculate akaisogeza dramu mpaka vidole vyake vikaifikia. Alizipitisha kucha kwenye ganda polepole, mzunguko mzima, akitafuta mahali lilipoungana. "Mshono wake mzuri. Ule wa ganda la kwanza, la Wazungu, ulikuwa unakwaruza."

"Nimechelewa, Baba. Ningejua kuhusu hadina..."

"Keti."

Akaketi chini, karibu na miguu yake.

"Sasa niambie. Anzia juu, kwenye chuma. Usiruke kitu."

Emmaculate alijifuta uso kwa leso. "Juu ni giza kidogo," akaanza, "kama damu ya mzee. Halafu ikishuka..."

"Ikishuka?"

"Ikishuka inakuwa kama makaa mtu akiyapuliza. Nikisogeza kichwa, nayo inasogea."

"Sogeza tena," mzee akasema, akafumba macho ili asikie vizuri.