Udongo Uliomfuata Mama Mbelu

Asubuhi ile Mama Mbelu alikuwa akichuma matembele nyuma ya nyumba yake huko Kapata, mtaa wa wachimba shaba wa Katanga, ndoo ya plastiki ubavuni, na juu ya mbabula, jiko la makaa, maji ya ugali wa bukari yalikuwa yameanza kuchemka. Kisimba akaingia uani bila kupiga hodi. Tangu utoto wake hakuwahi kufanya hivyo, maana mama huyo hakuona haya kumrudisha mtu barabarani aanze upya. Siku hiyo hakumrudisha. Alikiona kitambaa cha vijana wa chama cha wenyeji kimefungwa kwenye mkono wake, akaendelea kuchuma.

"Mama," Kisimba akasema, akiiangalia ndoo. "Redio imesema. Batu ba Kasai bote barudi kwabo. Kesho ufike ku stesheni."

"Kwabo ni wapi?"

"Ku Kasai, mama."

"Mi sijafika kule ata siku moja. Baba yangu njo alitoka kule, Babeleji balimuleta kuchimba shaba. Mi nilizaliwa Likasi. Na weye nilikupokea na hii mikono. Ulitoka na miguu mbele, mubishi tangu siku ya kwanza."

"Minajua, mama."

"Basi sema neno moja ku benzako. Useme: uyu mama ni wa hapa. Weye banakusikia."

Kisimba akasema atalifikiria. Mama Mbelu akamfungia matembele kwenye gazeti ampelekee mkewe Abigaëlle, aliyekuwa amejifungua juzi mikononi mwa huyohuyo Mama Mbelu. Kisimba akayapokea. Ee, akayapokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba yake Mama Mbelu alipewa sururu siku ileile aliyoshuka kwenye treni, na tangu hapo ukoo wao haukuwahi kuiweka chini. Mumewe, Badibanga, alifia machimboni. Lakini mwaka ule watu waliamka wakakuta kwamba siku mbili za mgeni bado hazijaisha.

Kile kipande cha ardhi chenye matembele, nyuma ya nyumba, nacho kilikuwa na habari yake. Nyumba za Kapata zilikuwa za kampuni: leo yako, kesho umefukuzwa kazi, anaingia mwingine na sufuria zake. Hakuna mama aliyetaka kuzika kitovu cha mtoto wake katika ua wa namna hiyo, kwa kuwa kitovu kinapozikwa ndipo mtu anapokuwa wa pale. Ila nyuma ya uzio wa Mama Mbelu palikuwa na ardhi kidogo ambayo kampuni ilisahau kuipima. Yeye alikuwa mkunga, basi vitovu vilipokauka na kuanguka vilizikwa hapo, chini ya matembele. Waluba wa kaskazini, Wasanga, Walunda, watu wa Kasai, wote humohumo, na hakuna aliyeuliza kipi cha nani. Vijana wengi wenye vitambaa vitovu vyao vilikuwa hapo, na cha Kisimba kilikuwamo.

Kesho yake Kisimba hakulisema lile neno. Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yeye na Abigaëlle waliishi katika chumba cha kupanga chenye bati linalovuja, na vijana walikuwa wameahidiwa kwamba nyumba zitakazobaki tupu ni za wenyeji. Mama Mbelu alimkabidhi ufunguo mwenyewe.

"Mulango ya jikoni, wakati ya mvula, inakataa," akamwambia. "Sukuma na bega. Usipige teke, utaivunja."

Akajitwisha godoro, akatoka. Kipande cha matembele kikatoka nyuma yake. Kilibanduka taratibu kutoka pembeni kama mkate unavyoachia chombo, kikainuka kimo cha kifundo cha mguu, kikamfuata barabarani pamoja na majani yake na minyoo yake. Kilipofika kwenye dimbwi kilizunguka. Vijana walisogea kukipisha. Mmoja akasema, "Kinaacha shimo," na kweli kilikuwa kimeacha shimo. Mwenzake akasema litafaa kutupia takataka.

Stesheni ilikuwa imejaa. Watu walilala juu ya masanduku, chini ya shuka zilizofungwa kwenye vigingi, mvua ikiwanyeshea, na treni haikuja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Kile kipande kilijilaza kando ya godoro la Mama Mbelu, naye alichuma kila asubuhi akawagawia majirani wenye watoto. Getini walisimama vijana wa chama, Kisimba akiwa mmoja wao, wakimuuliza kila apitaye: "Kwenu wapi?" Wa Kasai hakuruhusiwa kurudi mjini, hata kununua dawa.

Swali liliulizwa mara nyingi mno, mpaka mikono ya watu ikachoka kuingoja midomo. Ikaanza kujibu yenyewe. Mama mmoja muuza makaa aliulizwa, na mkono wake ukainuka ukaonyesha upande wa kijiji chake. Watu wa Kasai waliulizwa, na mikono ya wengi wao ikaelekea chini, kwenye udongo waliousimamia, au upande wa Likasi, au kule kwenye machimbo ya Mashamba. Vijana waliamua kwamba mikono hiyo inasema uongo.

Kisha Kisimba akauliza tena, na mkono wake mwenyewe ukainuka. Kidole kilinyooka kuelekea ndani ya stesheni, pale kilipolala kile kipande. Akaushusha. Akauliza mara nyingine. Ukainuka tena, na mikono ya wenzake waliozaliwa Kapata vilevile.

"We kijana," muuza makaa akamwambia, "unaonyesha ku treni ya Bakasai."

Vijana wakakutana kando ya geti, wakabishana kwa muda mrefu. Mmoja alipendekeza waache kuuliza. Mwishowe wakakubaliana kuuliza huku mikono iko mfukoni, na asiye na mfuko aliagizwa akashonewe.

Siku kitovu cha mtoto wake Kabongo kilipoanguka, Abigaëlle alikifunga kwenye kipande cha kitenge, akambeba mtoto mgongoni, akaenda stesheni. Mumewe akamzuia getini.

"Unaenda wapi na mutoto?"

"Kuzika kitovu yake."

"Zika ku nyumba ya Mama Mbelu."

"Ku nyumba kuko shimo. Na kitovu ya mutoto inafuata ya baba yake. Si ninyi benyewe munapiga kelele kila siku, mutu ni wa kwa baba yake? Ya baba yake iko kule."

Kisimba akampisha. Mama Mbelu alichimba kwa mwiko wa bukari.

"Mwanangu, umefikiri?" akauliza. "Hii udongo haijui inaenda wapi."

"Nimefikiri, mama," Abigaëlle akasema. "Pengine Kisimba akiona ya mutoto yake iko umu, ataona na haya."

Wakakizika. Mama Mbelu akapapasa udongo kwa kiganja kama alivyozoea, akamrudishia yule binti kitenge chake. Hapo filimbi ya treni ikasikika. Watu wakaanza kubeba masanduku na kuita watoto. Abigaëlle akarudi getini mbio.

"Kisimba! Sasa na mutoto yako iko mule. Sema lile neno. Mama Mbelu akibaki, udongo inabaki, na ninyi bote munabaki batu ba hapa. Sema sasa!"

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Wenzake waligeuka wakamtazama, na hakuna aliyekuwa na uso mbaya. Walingoja tu, labda wengine walitamani aliseme ili wao wasiwe wa kwanza. Kisimba akafungua mdomo. Mkono wake mfukoni ulikuwa umeushika ufunguo. Wakati huohuo kijana mmoja akamuuliza mpita njia, "Kwenu wapi?" na ngumi ndogo ya Kabongo ikachomoza kwenye kitenge mgongoni mwa mama yake, ikafunguka, ikaonyesha treni.

"Funika mukono ya mutoto," Kisimba akamwambia mkewe. "Batu banaangalia."

Mkuu wa stesheni, Tata Stanislas, alikuwa mtu wa utaratibu. Alitaka kujua kile kipande ni mzigo au ni abiria. Si mzigo, kwa kuwa hakuna aliyekibeba. Si abiria, kwa kuwa hakuna aliyekifukuza.

"Tata, iko na mimi," Mama Mbelu akasema.

Tata Stanislas akakipa behewa la nyuma lisilo na kuta, lile la magogo. Kikapanda. Mama Mbelu akaketi katikati ya matembele, godoro limekunjwa magotini, naye hakupunga mkono.

Treni ilikwenda kwa siku nyingi, na Kapata ikajua ilipo kwa kuitazama mikono. Mikono ya vijana iligeuka polepole, kwanza kuelekea Tenke, kisha upande wa Kamina, ikasimama pale treni iliposimama, ikaendelea. Njiani watu walikufa, wengi wao watoto, wakazikwa kando ya reli. Hilo halikuwa na ajabu yoyote, nalo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Baadaye wafanyabiashara walileta habari. Mama Mbelu yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, nyuma ya stesheni, na matembele yamestawi. Wenyeji wa huko wanamwita Mkatanga na kumuuliza atarudi lini kwao. Akiulizwa kwao wapi, mkono wake unaonyesha kusini, Likasi. Wameamua kwamba unasema uongo.

Kisimba na mkewe walihamia katika nyumba ile. Wakati wa mvua aliusukuma mlango wa jikoni kwa bega. Shimo la nyuma halikujaa takataka wala maji; vilivyotupwa humo asubuhi, jioni havikuwamo. Kisimba alijuta. Hakumwambia mtu, lakini Abigaëlle alimwona akisimama ukingoni mwa shimo, na majuto ni mjukuu, hayamrudishi aliyekwenda. Mishahara ikakoma, nchi ikabadili jina, vitambaa vikabadili rangi. Swali likabaki lilelile, na fundi wa mifuko hakukosa kazi.

Kabongo alipoanza shule, mwalimu alimuuliza kwao wapi. Alirudi adhuhuri akamkuta baba yake anakula.

"Tata, kwetu ni wapi?"

Kisimba akauingiza mkono mfukoni haraka, bukari ikiwa bado vidoleni.

"Hapa," akasema. "Kwetu njo hapa."

Mfuko ukavutika kuelekea reli mpaka uzi ukaanza kukatika. Abigaëlle alikuwa ameacha kuushona zamani. Mtoto akamtazama baba yake usoni, akautazama mfuko, na mkono wake ukainuka ukaelekea hukohuko. Kaptula ya shule haikuwa na mfuko.